Unyoya wa Kwale, Hariri ya Chungwa

Ellis Sunter hakuwahi kumiliki jiliwa. Wafungaji wenzake wa nzi, vile vidude vya uzi na manyoya vya kuvulia trauti, samaki wa mtoni, hata wale waliojifunza kwake, walibana ndoana kwenye jiliwa la chuma mezani na kufanya kazi kwa mikono miwili kama mafundi saa. Yeye aliishika ndoana kwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, kama baba yake, akaizungushia uzi kwa mkono wa kulia. Alisema jiliwa halina masikio, ila kidole husikia hariri inapotaka kukatika.

Nzi aliyemfanya ajulikane alikuwa mdogo kuliko punje ya shayiri, na kumtengeneza hakukuwa na siri yoyote. Hariri ya rangi ya chungwa hupitishwa kwenye nta ya washona viatu mpaka iive, iwe na rangi ya chai ya kukolea. Huzungushwa kutoka shingoni mwa ndoana kwenda chini, na huishia juu ya ncha, isizidi hapo. Kisha unyoya mmoja wa kahawia kutoka mgongoni mwa kwale, mizunguko miwili, fundo, basi. Nzi huyo haelei. Huzama na kwenda na maji, na humo ndani hariri hukolea na unyoya hufumba na kufumbua kama kitu chenye pumzi. Nzi wa dukani walikuwa na mizunguko minne, kwa sababu mnunuzi wa dukani ni mtu na mtu hupenda kuona alicholipia. Mnunuzi wa Ellis alikuwa trauti.

Kwa miaka thelathini na saba alikaa kwenye dirisha lile lile linalotazama mto Ure, pale kijijini Keldby, akifunga nzi wale. Kabla ya hapo alikuwa akivunja mawe ya chokaa kwenye machimbo. Kilichomtoa machimboni na kumweka dirishani ni samaki mmoja. Mwezi Juni mwaka 1951 rafiki yake Amos Iveson alimtoa mtoni trauti wa ratili sita na robo, na bonde zima lilisikia kwamba alimpata kwa nzi wa Ellis. Gazeti la Leeds lilituma mpiga picha. Samaki alipelekwa hukohuko Leeds akakaushwa, akajazwa, akapakwa rangi, akarudi ndani ya sanduku la kioo lenye maandishi ya dhahabu: *Amos Iveson, 9 Juni 1951. Kwa nzi wa E. Sunter.* Nzi mwenyewe alichomekwa pembeni mwa mdomo. Sanduku likatundikwa ukutani kwenye baa ya kijiji, juu ya kiti ambacho tangu siku hiyo kilikuwa cha Amos. Barua zikaanza kuja kutoka Scotland, Wales, hata Ireland. Kabla mwaka haujaisha Ellis aliaga machimbo, na mkewe Hilda na binti zao wawili walikula kwa ndoana zile mpaka wasichana wakaolewa na Hilda akazikwa.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Machi, mwaka 1988, Doreen mwenye baa aliingia kwa Ellis bila kubisha hodi, amelikumbatia sanduku lile kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Mzee Ellis, kipenzi," alisema, na Doreen alimwita kila mtu kipenzi, hata mtoza kodi, "nondo wamekula nzi wako. Tumepaka rangi ukuta, nikashusha sanduku kulifuta vumbi, nikachungulia, nikakuta kabaki na kakamba tu. Na Jumamosi ndiyo karamu ya kufungua msimu! Amos anafanywa mwenyekiti wa maisha. Watu watacheka."

"Miaka thelathini na saba," Ellis alisema. "Hata mimi nondo wamenianza."

"Wewe huliwi na kitu. Mwambie mtu akufungie mwingine basi, umchomeke palepale. Mchana wa Jumamosi nitakuja kuchukua."

"Hakuna wa kunifungia. Nitafunga mwenyewe. Weka hapo, usigonge kioo."

Alipobaki peke yake alifungua skrubu nne za fremu kwa ncha ya kisu na kumtoa samaki. Alikuwa mwepesi kama mkate mkavu. Nzi wa zamani alikuwa ameliwa kweli, umebaki uzi wa chungwa uliofifia na ndoana ndogo yenye kutu. Ellis alipoivuta aliona kwamba haikuwa imeshika kitu. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi, ncha yake imelala juu ya rangi.

Hilo halikumshangaza. Huko Leeds mkaushaji lazima aliitoa, akapaka rangi, akairudisha. Alichukua tochi ili aone ndani ya mdomo tundu la ncha lilikuwa wapi, apate kumchomeka mpya palepale. Pembeni mwa mdomo hapakuwa na tundu lolote. Akamulika ndani zaidi, nyuma kabisa ya ulimi, na hapo akaona uvimbe uliopakwa rangi ya waridi kama nyama iliyo jirani yake.

Alikwaruza kwa sindano. Rangi ilibanduka, chini yake kukawa na chuma.

Ilikuwa ndoana kubwa mara tatu ya ndoana zake, imezama kwenye mfupa wa koo. Kwenye mgongo wake palikuwa na vijino viwili vilivyochongwa kuelekea juu. Mvuvi yeyote wa bonde lile, hata mtoto wa shule, angejua kazi ya vijino vile: ni vya kumshika nyungunyungu asiteleze. Kwenye tundu la kichwani mwake ulikuwa umebaki uzi urefu wa ukucha, ncha yake imekatwa sawasawa kwa kisu.

Ellis alizima tochi akaiweka chini taratibu.

Trauti akila nzi hugundua papo hapo kwamba kadanganywa, hutaka kumtema, na hushikwa mdomoni, kwenye mdomo wa nje. Akila nyungunyungu halisi hana sababu ya kutema. Humeza. Samaki huyu alikuwa amemeza. Basi mtu alimvua kwa chambo kwenye maji ambayo chama cha wavuvi kilitoa ruhusa ya nzi tu, akakata uzi kwa kisu, akachukua nzi kutoka kwenye kofia yake akamning'iniza mdomoni, akapanda naye kijijini.

Katika bonde lile, mtu akikamatwa akiwa na nyungunyungu kwenye maji ya nzi ni afadhali angekamatwa na mke wa mtu. Ya mke wa mtu husahaulika.

Akakumbuka jambo ambalo alikuwa nalo siku zote, limelala kichwani mwake bila kuguswa. Tarehe tisa Juni mwaka ule machimbo yalifungwa kwa sababu ya mvua. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ure ulifurika. Yeye mwenyewe hakwenda kuvua, alikaa nyumbani akifunga nzi, kwa kuwa mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na katika maji kama yale trauti hawezi kuona nzi wa ukubwa wa punje ya shayiri hata ukimwekea mbele ya jicho. Alilijua hilo siku ileile. Amos alipoingia mlangoni ameloa, samaki begani, akipiga kelele "Ellis! Ni nzi wako, mshenzi wewe, ni nzi wako!", Ellis alichagua kutolijua.

Hilo la samaki pekee labda angelimeza, kama trauti alivyomeza. Lililomkaa kooni lilikuwa Lance.

Lance alikuwa mdogo wake, mcheshi, mvivu, kila mara hana ajira. Mwaka 1957 mlinzi wa mto alimkuta chini ya daraja na kopo la nyungunyungu. Kamati ya chama ilikaa kwenye baa ileile, watu watano. Wawili walitaka aonywe, wawili walitaka afukuzwe, na wa tano alikuwa Ellis. Waliposimama nje kuvuta sigara kabla ya kura, Amos, aliyekuwa katibu, alimwekea mkono begani. "Sheria isiyomshika ndugu si sheria, Ellis," alimwambia. "Watu wanakuangalia. Jina lako liko kwenye kioo kile." Wakarudi ndani, na Ellis akanyoosha mkono wa kulia, afukuzwe.

Lance alimtazama kaka yake kutoka kwenye benchi la mlangoni. "Mkono huohuo unaofunga nzi, Ellis?" alisema. Majira ya vuli alipanda meli kwenda New Zealand. Hilda alimtumia kadi kila Krismasi, na kila mwaka zilirudi bila kufunguliwa. Mwaka 1979 ilikuja barua kutoka kwa mwanamke wasiyemjua, akisema alikuwa mjane wake na kwamba alikuwa amekuta anwani yao ndani ya kopo la tumbaku.

*

Jumatano Ellis alipanda kilima kwenda kwa Amos. Hakujua atasema nini. Alijua tu kwamba kabla ya Jumamosi alitaka kuyasikia kutoka kinywani mwa mtu yule, na alikuwa tayari kumpa nafasi.

Amos alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yamekufa, sauti bado ya mnadani. Alimkalisha jikoni, akamimina chai, akakata jibini na keki ya zabibu kavu, vyote kwenye sahani moja kama desturi.

"Enhe! Umeshamvalisha bibi harusi wangu?"

"Bado. Namtazama kwanza."

"Usimtazame sana, ni mke wa mtu." Amos alicheka peke yake. "Doreen kaniambia nondo wamekuaibisha. Nikamwambia, huyo mzee hafai, nzi wake hawadumu hata miaka arobaini. Rudisha hela za watu!"

"Amos, nisimulie tena."

"Nikusimulie nini?"

"Ile siku. Nimezeeka, nataka kumchomeka mahali pake. Nisimulie alivyochukua."

Amos alijiegemeza, akaweka kikombe tumboni. Alikuwa ameisimulia habari ile mara nyingi hata ilikuwa na vituo vyake, kama treni. "Maji yalikuwa maangavu, Ellis. Maangavu kama pombe ya jini kwenye bilauri. Niliweza kuhesabu mawe. Nikamtupa nzi wako juu ya lile jiwe refu, nikamwacha ashuke, ashuke, na mara nikaona mdomo mweupe umefunguka. Hivi! Kama mtu anapiga mwayo kanisani."

"Maji yalikuwa maangavu."

"Si nimekwambia? Kama jini."

"Na alishikwa wapi?"

"Mdomoni pembeni, inavyotakiwa. Nilimchomoa nzi kwa vidole viwili, kama unachuma tunda." Akaonyesha kwa vidole viwili vinene, akikaza macho kwenye sahani. "Mbona huli jibini?"

Ellis alikuwa akiviangalia vidole vile. "Lance angependa kuisikia hiyo," alisema.

Saa ya ukutani ilipiga pigo moja la nusu saa. Amos aliisogeza sahani kwa kidole, kisha akairudisha ilipokuwa. Kama alitaka kusema, wakati ulikuwa huo. Mlango ulikuwa wazi, jikoni hapakuwa na mtu mwingine, na Ellis alikuwa amekaa pale akisubiri kama mtu anayesubiri mshipi ukaze.

"Lance alijitakia, ndugu yangu," Amos alisema hatimaye, kwa sauti ya huruma. "Tulifanya haki. Ilikuuma, najua, lakini sheria ni sheria. Kula jibini."

Ellis alisimama akavaa kofia.

"Unakwenda wapi? Chai hujaimaliza!"

"Ina maziwa mengi," Ellis alisema.

*

Alhamisi asubuhi, mwanga ulipofika dirishani, alichukua koleo dogo akaitoa ile ndoana kooni mwa samaki. Ilikataa, kisha ikatoka na kipande cha mfupa. Aliloweka kutu kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa kitambaa mpaka chuma kikaonekana, akalijaza tundu lililobaki kooni kwa nta ya washona viatu na kulipaka rangi ya waridi. Alifanya vizuri. Hakuwahi kufanya kazi mbaya kwa makusudi, na hakutaka kuanza leo.

Kisha akaishika ndoana ile kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Ilikuwa nzito. Kwa miaka hamsini vidole vile vilikuwa vimezoea chuma chepesi kama jani, na sasa vilikuwa vimeshika kitu cha kutundikia koti. Alivuta hariri ya chungwa kwenye nta, akaanza shingoni, akashuka. Kwenye kijino cha kwanza hariri ilipanda, ikakwama, ikatanuka. Angeweza kuvisugua vijino vile kwa tupa kwa dakika mbili na mgongo ungekuwa laini. Tupa ilikuwa palepale mezani. Akaizungusha hariri juu yake kama ilivyokuwa, na kijino kikatokeza katikati ya nyuzi kama mwiba uliopenya kwenye soksi. Cha pili vilevile. Aliishia juu ya ncha, hakuzidi. Manyoya ya kawaida yalikuwa mafupi kwa ndoana ile, ikabidi aipekue ngozi yote ya kwale kutafuta moja kubwa, chini kabisa karibu na mkia. Mizunguko miwili. Fundo.

Alimweka kwenye kiganja. Ukimtazama kwa mbali alikuwa nzi wa Ellis Sunter. Ukimkaribia alikuwa ndoana ya nyungunyungu iliyovaa nguo za watu.

Ijumaa alimchomeka pembeni mwa mdomo wa samaki, ncha ikapenya ngozi kavu kwa sauti ndogo, akafunga skrubu nne. Jumamosi mchana Doreen alikuja, akachungulia kioo, akasema, "Kapendeza, kipenzi! Naona safari hii umemfunga mkubwa, ili sisi vipofu tuone."

"Ndiyo maana," Ellis alisema.

*

Karamu ilikuwa ya nyama ya nguruwe ya kuchemsha, njegere na viazi, kama kila mwaka. Wanachama arobaini na kitu walijibana kwenye meza ndefu, makoti yao yakinuka mbwa na mvua. Sanduku lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha meza, na Doreen alipokifunua walipiga makofi, wengine wakasogea kutazama.

"Mzee Ellis, macho yamekwisha!" kijana mmoja wa mashambani alipaza sauti. "Nzi huyu utavulia papa!"

"Hiyo ndiyo saizi yake," Ellis alijibu kutoka mahali pake, na watu wakacheka.

Vikombe vilianza kugongwa mezani. Walikuwa wanamtaka Amos. Habari ya trauti husimuliwa na Amos usiku wa kufungua msimu, chini ya samaki, na mwaka huu alikuwa mwenyekiti wa maisha. Aliinuka kwa fimbo yake, akanyoosha mkono kutuliza kelele, akageuka kumsalimia samaki kwa kofia, kama ilivyo desturi yake. Huo ulikuwa utani wake wa kwanza na watu walikuwa wameshaanza kuucheka.

Mkono wenye kofia ulisimama hewani. Amos alivaa miwani. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiwiko, akatazama tena.

"Ametongozwa na samaki!" mtu aliita.

"Amos, simulia, njegere zinapoa!"

Amos aligeuka. Alimtafuta Ellis katika nyuso zile zote na kumpata, na Ellis hakuinamisha macho.

"Mwaka huu," Amos alisema, na sauti ya mnadani ilikuwa imemtoka, "mwaka huu asimulie Ellis. Nzi ni wake."

Wakageuka wote. "Ellis! Ellis! Bubu aseme!" Hawakuwahi kumsikia akisema hadharani maneno zaidi ya kumi. Alikaa vilevile, mkono wa kulia umelala kando ya sahani.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Aliyekuwepo ni Amos. Simulia mwenyewe, Amos. Anza na maji. Waambie yalikuwa na rangi gani."

Wale waliokuwa karibu walidhani ni mzaha ambao hawakuuelewa, wakatabasamu ili wasiachwe nyuma. Amos alifungua kinywa. Palikuwa na wazee watatu kwenye meza ile walioujua mto wa Juni 1951, na mmoja wao, aliyekuwa mlinzi wa mto, polepole aliacha kutafuna.

"Magoti yangu," Amos alisema. "Leo magoti yamenikataa. Nisameheni."

Doreen akaruka kumshika. "Kaa, kipenzi, kaa kwenye kiti chako." Lakini Amos hakukaa kwenye kiti kile chini ya kioo. Alipita meza yote kwa fimbo yake, taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, pale watu wanapovulia viatu vyenye matope, na hapo akabaki. Mtu fulani akaanzisha wimbo ili kuijaza ile nafasi, na wengine wakaupokea kwa shukrani.

Ellis alikata nyama. Tangu Alhamisi alikuwa ameiona saa hii akilini na kudhani kwamba ikifika atapumua. Alitafuna, akameza. Benchi lile lilikuwa lilelile, mbao zilezile, na kila alipoinua macho kuelekea mlangoni hakumwona Amos. Aliuona uso mwembamba wa mcheshi mmoja aliyekuwa ameuliza swali mwaka 1957 na ambaye hakujibiwa.

Akautoa mkono wa kulia mezani, akauficha chini ya kitambaa, akamalizia chakula chake kwa mkono wa kushoto.